Rupia Tatu: Historia ya Namna ya Kuandika Fedha, Kutoka Ufipa

Mwaka 1897 Serikali ya Wadachi iliyotawala nchi hizi ilitoa amri ya kodi ya nyumba, na kodi hiyo ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3. Nimezichagua rupia 3 hizo ziwe msafiri wetu katika insha hii, kwa kuwa ni fedha ndogo iliyojulikana na kila mwenye nyumba, na kwa kuwa zatuonyesha jambo ambalo wenye kuandika historia ya fedha hulipita upesi. Wao hutueleza nani alipiga sarafu gani, na sarafu hiyo ilipata thamani gani London au Berlin. Sisi tutauliza jambo la chini zaidi. Fedha hiyo iliandikwaje? Nani aliamua iandikwe hivyo? Na mwandiko ulipobadilishwa, tarakimu zilizokwisha andikwa zamani zilisomwaje?

Mtu asidhani kuwa swali hili ni la makarani peke yao. Leo lawakabili vijana watengenezao programu za mtandaoni, ambao kwa mstari mmoja tu huamuru kila ukurasa uonyeshe fedha kwa mtindo fulani. Wao hudhani wanaamua sura. Historia yaonyesha kuwa aghalabu aliyebadilisha sura alibadilisha na thamani, akijua au asijue, na hasara ikamwangukia yule asiyekuwapo palipoamuliwa.

Kabla ya rupia kufika katika uwanda wa Ufipa, namba na kitu chake havikuweza kutengana. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Waliyeyusha mawe katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri ndogo zilizoitwa vintengwe, na mabaki ya malungu yaonekana mpaka sasa mahali pengi katika uwanda huo. Walikuwa pia wafumaji wa nguo za pamba. Jembe na nguo vilikuwa mali ya kutumia, na papo hapo vilikuwa kipimo cha mali nyingine. Katika nchi nyingi za magharibi ya Tanganyika jembe lilitolewa katika mahari, likabadilishwa kwa chumvi na mifugo. Mtu akidai majembe 3, hakuweza kudai “3” tupu. Palikuwa na ubishi juu ya jembe zito na jembe jepesi, lakini hapakuwa na ubishi kama deni lile lilikuwa la majembe au la nguo. Faida hiyo ndogo tutaikumbuka mbele.

Rupia ilitoka India, ikaja pwani pamoja na wafanya biashara, nayo ikaishinda reale ya Maria Theresa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Hesabu yake ilikuwa ya kugawanya kwa nne: rupia 1 ilikuwa na ana 16, na ana 1 ilikuwa na pesa 4, hata rupia nzima ikawa pesa 64. Sokoni hesabu hiyo ni nyepesi, maana aliye na vidole na akili aweza kugawanya nusu, na nusu ya nusu, pasipo kalamu. Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilipopata ruhusa ya kupiga sarafu mwaka 1890, haikuthubutu kuigusa hesabu hiyo. Ilipiga pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye sura ya Kaizari Wilhelm II amevaa kofia ya vita. Sura ilikuwa mpya na hesabu ilikuwa ya zamani. Basi kodi yetu ya rupia 3 ilikuwa pesa 192, wala mtu hakupunjwa katika kuihesabu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1904. Serikali yenyewe ilichukua kazi ya kupiga sarafu kutoka kwa Kampuni, ikaamuru kwamba rupia 1 iwe heller 100, na rupia 15 ziwe sawa na mark 20 za Kidachi. Sababu zake zaeleweka. Daftari za serikali zilipelekwa Ulaya, na kule watu walihesabu kwa mia. Karani aliyejumlisha pesa na ana ilimpasa kugeuza hesabu zote kabla hazijasomwa na mkubwa wake. Kwa heller kazi hiyo iliondoka, na kodi yetu ikaandikwa heller 300, au mark 4 kamili. Ni mwandiko safi, nao wapendeza macho.

Lakini natuhesabu kwa upande wa mwenye nyumba. Mia moja haigawanyiki kwa 64 pasipo mabaki, kwa hiyo pesa 1 ilikuwa heller 1 na sehemu ya heller ipitayo nusu kidogo, yaani 1.5625. Sarafu ndogo kuliko zote iliyopigwa ilikuwa nusu heller. Chukua mtu aliyeweka pesa 192 katika kibuyu, hesabu kamili ya kodi yake, naye akazibadilisha moja moja dukani kadiri alivyopata nafasi, kila pesa kwa heller moja na nusu. Mwisho atakuwa na heller 288. Heller 12 zimepotea, wala hakuna mtu aliyemwibia. Kila mbadilishaji alimpa fedha iliyokaribia kabisa ile iliyostahili. Ametenda dhambi gani mtu huyu? Amechelewa tu kuhama kutoka hesabu ya 64 kwenda hesabu ya 100, na tofauti ya hesabu mbili hizo imelipwa naye. Sijasema kuwa mambo yalikwenda hivi kila mahali. Nasema kuwa hesabu yenyewe iliyaruhusu, na waliotunga amri hawakuwa na pesa katika kibuyu.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikutazamwa sana siku zile, nalo leo limerudi kwa nguvu. Mdachi huandika elfu moja mia mbili na hamsini na nusu hivi: 1.250,50. Mwingereza huandika 1,250.50. Nukta na koma zimebadilishana kazi. Ufipa ilikuwa katika njia panda ya miandiko hii. Serikali ya boma la Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, ilikuwa ya Wadachi. Mapadri Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, walikuwa wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers, na wengi wao walijifunza hesabu kwa Kifaransa, lugha ambayo nayo huweka koma mbele ya sehemu ndogo. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliingia Bismarckburg wakitokea kusini, wakaleta nukta yao. Msomi anayefungua leo daftari la zamani la uwanda huu, akakuta 1.250, yampasa kwanza ajue mkono ulioandika ulifundishwa shule gani. Asipojua, aweza kumgeuza tajiri kuwa maskini kwa kusoma tu.

Vita vyenyewe vilizidisha mambo. Wadachi walipozuiwa na manowari za Kiingereza wasilete sarafu kutoka kwao, walichapa noti za dharura hapa hapa nchini, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikapiga heller za shaba, hata na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Rupia ya karatasi iliyochapwa wakati wa kukimbia na rupia ya fedha iliyopigwa wakati wa amani ziliandikwa kwa neno moja na tarakimu moja. Daftari halikuweza kuonyesha tofauti ambayo kila mwenye duka aliijua kwa kuishika.

Sasa tufike kwenye kisa kikubwa, yaani miaka 1920 na 1921. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza, maana yake rupia 1 ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Baada ya vita bei ya fedha ilipanda duniani, na rupia ikapanda nayo. Halmashauri ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki ilikwisha undwa London mwezi Desemba 1919. Mwanzoni mwa mwaka 1920 ikaamuliwa kuwa rupia ya Afrika ya Mashariki ifungwe kwa shilingi 2 za Kiingereza. Kenya na Uganda zikapewa florin mahali pa rupia. Florin haikudumu, mwaka uliofuata ikaletwa shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100, shilingi 2 kwa kila florin, na Tanganyika ikatiwa katika mpango huo huo.

Tumtazame msafiri wetu. Rupia 3 za mwaka 1913 zilikuwa shilingi 4. Rupia 3 zile zile, katika hati ile ile, kwa wino ule ule, mwaka 1921 zilikuwa shilingi 6. Aliyekuwa na deni la rupia alijikuta deni limeongezeka nusu yake pasipo kukopa tena. Wazungu wenye mashamba ya Kenya walikuwa na madeni makubwa katika benki, nao walipiga kelele sana, na kelele zao zimeandikwa katika vitabu vingi. Baadhi yao walitafuta njia ya kujiponya: mwaka 1921 waajiri walikubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Jambo hilo lilikuwa moja katika yaliyomwinua Harry Thuku na wenziwe wa Nairobi kudai haki, hata akakamatwa Machi 1922. Tazama basi jinsi uamuzi uliosemwa kuwa wa kupanga sarafu ulivyopita mezani kwa mabwana wa benki, ukapita mashambani, ukafika mfukoni mwa kibarua.

Zanzibar haikuingia siku ile. Yenyewe iliendelea na rupia mpaka mwanzo wa mwaka 1936, na ilipobadilisha, rupia 1 ilipewa shilingi 1 na senti 50, kwa kuwa rupia ya India ilikuwa imeshuka tena. Kwa hiyo swali, “Rupia 3 ni shilingi ngapi?” lina majibu matatu yaliyo sahihi: 4 kwa kipimo cha kabla ya vita, 6 kwa kipimo cha 1920, na 4 na nusu kwa Zanzibar mwaka 1936. Mwanafunzi anayelinganisha bei za zamani na akachagua jibu moja kwa nyakati zote na mahali pote, kazi yake yote imeharibika tangu ukurasa wa kwanza.

Shilingi ilileta mwandiko ambao wazee wetu wameuzoea: 5/50 kwa shilingi tano na senti hamsini, na 5/= kwa shilingi tano kamili. Ule mshazari ulitoka Uingereza, lakini ulipofika kwetu ulibeba mzigo mwingine. London 5/6 ilikuwa shilingi 5 na peni 6, na kwa kuwa shilingi ya kule ilikuwa na peni 12, peni 6 zilikuwa nusu. Dar es Salaam nusu hiyo hiyo iliandikwa 5/50. Juu ya hayo serikali haikuandika hesabu zake kwa shilingi. Makadirio ya mapato na matumizi yalitolewa kwa pauni ya shilingi 20, na hata Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Tanzania, wa 1964 mpaka 1969, ulihesabiwa kwa pauni. Mwananchi alilipa kodi kwa shilingi, akasomewa matumizi ya kodi yake kwa pauni. Sioni kuwa palikuwa na hila. Ilikuwa desturi ya ofisi. Lakini desturi hiyo ilimnyima mtu wa kawaida nafasi ya kulinganisha alichotoa na kilichotumika, mpaka afanye hesabu ya kuzidisha kwanza.

Katika kinywa cha watu mambo yalichukua njia yake yenyewe. Senti 50 ziliitwa thumuni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi na wala si thumuni yake. Jina lilibaki kutoka katika hesabu iliyokufa. Shilingi 5 ziliitwa dala, na kutokana na dala magari ya abiria ya Dar es Salaam yakapata jina la daladala. Nayataja haya kwa sababu lugha hufanya jambo ambalo daftari halifanyi: hutunza jina la zamani huku ikijua thamani mpya, na hakuna mnunuzi aliyepotea kwa ajili ya thumuni.

Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na gavana wake wa kwanza alikuwa Bwana Edwin Mtei. Shilingi ya Tanzania ikachukua mahali pa shilingi ya Afrika ya Mashariki, moja kwa moja. Katika historia hii yote naliona badiliko hilo kuwa la haki kuliko mengine. Sura ilibadilika kabisa: maneno ya sarafu yakawa ya Kiswahili, picha zikawa zetu. Lakini tarakimu hazikuguswa. Aliyekuwa na 7/50 jana alikuwa na 7/50 leo, na deni la Aprili lilisomeka Julai bila jedwali. Yafaa tulinganishe na majirani. Uganda mwaka 1987 ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire mwaka 1993 ilitoa zaire mpya 1 kwa za zamani 3,000,000, hesabu ambayo haiwezekani hata kwa kufuta sifuri. Miaka mitano baadaye ikaja faranga ya Kongo, 1 kwa zaire mpya 100,000. Wavuvi na wachuuzi wa Kirando na Kipili, wanaouza na kununua na watu wa ng’ambo, hawakuhitaji profesa awaeleze kwa nini wengi wa ng’ambo siku hizi hupenda kuhesabu kwa dola.

Tangu mwaka 1978 mataifa yamekuwa na orodha moja ya herufi tatu kwa kila fedha, iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango. Sisi ni TZS, Kenya ni KES, Uganda UGX, Kongo CDF. Orodha hiyo hutaja pia idadi ya tarakimu za sehemu ndogo. TZS imepewa mbili, kwa kuwa kwa sheria shilingi ina senti 100, na kwa hiyo mashine hutuandikia 15,000.00, ingawa hapana senti hata moja katika mikono ya watu, na sarafu ndogo iliyobaki sokoni ni ya shilingi 50. UGX haikupewa hata moja. Mtu atakaye mwandiko mmoja utoshe Afrika ya Mashariki yote atakuwa ameshindwa kabla hajavuka mpaka.

Sasa niseme kidogo juu ya programu hizi. Programu ya mtandaoni ni ile ifunguliwayo kwa simu au kompyuta ya mtu yeyote, huku hesabu zake zikitunzwa mahali pengine. Ndani ya hazina yake fedha mara nyingi huwekwa kuwa namba tupu: 200, au 60000. Alama ya fedha, koma na nukta huongezwa wakati wa kuonyesha, kwa kufuata mtindo uliowekwa mahali pamoja, ambao programu huutumia isipoambiwa vingine. Mpango huo una manufaa yake. Ukibadilisha pale pamoja, kurasa zote hubadilika, na taabu ya kurekebisha kurasa mia huondoka. Walakini zinazobadilika ni pamoja na kurasa za jana. Amri za Berlin na London zilihitaji miezi kufika Ufipa. Hii hufika papo hapo, na haiachi tarehe.

Nilikuwa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, wilaya ambayo jina lake lilitoka katika ufalme wa kale wa Nkansi. Duka moja la jumla la mahindi na dagaa, ambalo sitalitaja, lilikuwa limeanza kutumia programu ya namna hiyo. Ilitengenezwa mbali, na mtindo wake wa kawaida ulikuwa wa Kimarekani, hata stakabadhi ya gunia la mahindi ikatoka imeandikwa $60,000.00. Hakuna aliyedanganyika. Watu walicheka, wakalipa shilingi zao, wakaenda. Baada ya miezi kadhaa mwenye duka aliona haya, akamwita kijana mmoja kutoka Sumbawanga, ambaye alibadilisha mtindo kwa dakika chache, na kila stakabadhi, mpya na ya zamani, ikasomeka TSh. Sote tulimsifu.

Siku ya tatu alikuja mchuuzi wa kutoka ng’ambo ya ziwa, mtu mwaminifu, kulipa deni lake. Ukurasa wake ulionyesha TSh 200.00. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, “Mama, hapana, si hivyo. Mimi nilikopa dola.” Wiki iliyopita ukurasa ule ule ulisema $200.00, na ulikuwa sahihi kwa bahati tu, miongoni mwa mamia yaliyokuwa yamekosewa. Kijana aliporudi alieleza vizuri kosa lake: aliitia alama kwenye macho, wala hakuitia kwenye deni. Kila namba ingepaswa kuwa na herufi zake tatu zilizotunzwa pamoja nayo, TZS au USD au CDF, kama vile jembe lilivyokuwa pamoja na hesabu yake, na mtindo wa kawaida uachiwe kazi ya koma na nukta tu. Akaongeza safu hiyo jioni ile ile. Lakini safu ilikuwa tupu, na ilibidi mtu aijaze.

Mwenye duka akatoa chini ya meza daftari la shule, ambamo alikuwa akiandika madeni kwa maneno, “dola mia mbili”, “shilingi laki moja na nusu”, kwa mkono wake. Wakakaa naye, ukurasa kwa ukurasa, deni kwa deni. Daftari lilianza mwezi wa Machi, na programu ilikuwa imeanza Januari. Madeni ya miezi miwili ile iliwabidi kuwaendea wadeni nyumbani, kuwauliza.